Dakika Ishirini za Gundi

Nilimwambia kaka yangu tangu siku alipotuletea habari za uchumba: huyu mwanamke anauliza maswali mno. Kaka akanijibu kwamba atazoea. Miaka ishirini na sita imepita, kaka amezoea kweli, na mimi ndiye niliyeishia kufanya kazi na wifi katika chumba kimoja chenye mashine ya kunakili, meza mbili na harufu ya gundi, mkabala na lango la nyuma la chuo kikuu. Wifi ni mjalidi. Wanaosomea udaktari wa falsafa huleta karatasi zao zikiwa zimefungwa kwa uzi kama kuni, naye huzivisha jalada. Mimi napiga herufi za dhahabu. Kila siku tunagombana, na kila siku saa saba mchana tunakula sahani moja.

Ugomvi wetu mkubwa ni kwamba wifi hajalidi kitu asichokielewa. Wajalidi wengine wa mtaa huu wakipokea kazi husema njoo kesho, basi, biashara imekwisha. Wifi hapana. Yeye kwanza hulivisha kitambaa lile boksi gumu la jalada, hulipaka gundi, hulilaza chini ya jiwe, na gundi ile hutaka dakika ishirini kukauka. Katika dakika hizo humvutia mwenye kazi kigoda na kumwambia aeleze alichotafiti. Mtu akianza kujiumauma na maneno ya kitabuni, wifi huinua brashi yenye gundi kumsimamisha, na safari huanza upya. Nimeona wanaume wazima wakitokwa na jasho zaidi kwenye kigoda kile kuliko walivyotokwa mbele ya maprofesa.

Kwa hiyo tumesikia mengi, wallahi. Alikuja mmoja wa historia aliyetafiti foleni: nani aliyewafundisha watu kusimama nyuma ya wenzao, na mwaka gani. Alikuja mhandisi aliyehangaika na madaraja yanayoyumba watu wakipita kwa hatua moja. Wa biashara alitaka kujua kwa nini wauza viatu wote hukaa mtaa mmoja badala ya kila mtu kwenda zake. Na wa fizikia, Mungu amsamehe, alitumia miaka minne kutafiti kwa nini mlango hulia ukifunguliwa. Miaka minne! Nilimuuliza kama hakuona mafuta dukani. Wifi akanikanyaga mguu chini ya meza na kumwambia kijana aendelee. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, lakini mimi naona wengine walikwenda kunyolewa mapema.

Tabu ni kwamba kila kinachoingia masikioni mwa wifi hakitoki. Anakwenda nacho nyumbani. Fundi bomba alipokuja kutuwekea bomba la jikoni, wifi alimweleza kasi ya maji katika kona mpaka yule baba akaondoka na kuiacha koleo yake, na hajairudia hadi leo. Sokoni huwaambia wauza vitunguu wanachokosea. Kaka akiketi kula huambiwa kiti alichokalia kinabeba uzito gani na kwa miguu mingapi. Maskini kaka yangu, siku hizi anakula amesimama.

Sasa nieleze habari ya Mwalimu, maana ndiyo iliyonifanya nifunge mdomo, na mimi si mtu wa kufunga mdomo ovyo.

Mwalimu alikuwa anafundisha historia shule ya sekondari, mtu wa makamo, shati limepigwa pasi mpaka linang'aa. Alikuwa amesomea udaktari kwa miaka saba, jioni na siku za mapumziko. Sheria ya chuo ni kwamba miaka saba ikiisha hujamaliza, jina linafutwa na kila ulichofanya kinakwenda na maji. Miaka yake saba ilikuwa inaisha Ijumaa ile, saa sita mchana. Alituletea kazi saa mbili asubuhi. Alivuta uzi kwa haraka ukazidi kukaza, wifi akaukata kwa kisu.

Juu ya meza ya wifi tayari kulikuwa na tasnifu tatu nyingine, zote za kumalizwa siku hiyo, uzi umekwisha kufunguliwa, wenyewe wameziacha na kuahidi kurudi. Ya kwanza ilikuwa ya binti wa fizikia, aliyetafiti kwa nini nafaka ukiimimina hufanya lundo lenye kilele, na kwa nini lundo likifika mahali huporomoka. Ya pili ya mhandisi mmoja mnene, juu ya kuta za ghala la nafaka na zinavyopasuka. Ya tatu ya mama mmoja wa idara ya biashara, aliyekaa sokoni miaka mitatu akitazama kwa nini wateja humrudia muuzaji anayewaongezea konzi moja juu, hata kama kibaba chake ni kidogo. Binti, mhandisi na mama yule hawakuwa wanajuana. Kila mmoja alikuwa amekaa kwenye kigoda na kumhakikishia wifi kwamba jambo lake hakuna mwingine anayelishughulikia chuo kizima.

Naye Mwalimu, wifi alipolipaka gundi jalada lake na kumvutia kigoda, akasema ametafiti historia ya vipimo vya sokoni.

Alianza kwa sauti ya chini kama mtu anayeungama. Akaeleza jinsi watu walivyopima kwa kibaba kilichojaa mpaka kikafanya kilele, kisha ikaja amri kwamba kilele kikatwe kwa kijiti, kisha ikaja mizani. Wifi alikuwa ameacha brashi. Mwalimu akafika kwa mwanamke mmoja muuza mtama ambaye kibaba chake kilikutwa pungufu, akafungwa miezi sita. Mwalimu alikuwa amekitafuta kibaba kile kwenye makabati ya mahakama ya zamani, akakikuta, akakishika. Hakikuwa kimechongwa kwa hila. Ukingo wake ulikuwa umelika kwa sababu kijiti cha serikali kimepita juu yake mara elfu na elfu. Serikali ndiyo iliyokipunguza, kisha ikamfunga mwenye nacho. Hapo Mwalimu akasahau kwamba ana haraka, akasahau kwamba yumo dukani kwa watu. "Walimfunga kwa kosa la kijiti chao!" akasema, na akaipiga meza kwa kiganja.

Meza yetu ina mguu mmoja mfupi. Iliinama, na tasnifu nne zikateremka chini kwa pamoja, karatasi zaidi ya elfu moja, zikajitandaza mpaka chini ya mashine.

Nilitaka kupiga mayowe, nikajizuia. Chuo kile kinalazimisha kila mtu atumie herufi za aina moja, ukubwa mmoja, pambizo moja, na namba ya ukurasa chini katikati. Kwa hiyo sakafuni palikuwa na ukurasa wa kwanza mara nne, wa pili mara nne, na kuendelea. Mwalimu alipiga magoti akaanza kuokota huku anatweta. Wifi akamsimamisha. Akamwambia ofisi ya mihuri ina foleni ndefu na inafungwa saa sita, aende akaishike hiyo foleni, karatasi atuachie sisi.

Tulizipanga kwa saa mbili na nusu. Mimi nilikuwa nazikusanya kwa namba, na wifi anasoma na kuamua ni ya nani. Alikuwa anasema peke yake, hii ni ya binti, hii ni ya ghala, hii ni ya mama wa konzi. Hakuna mtu mwingine mtaa mzima ambaye angeweza kazi ile, nakiri. Halafu nikatoa nakala tano za kila moja, tukianza na ya Mwalimu, wifi akazijalidi, mimi nikapiga dhahabu, na Mwalimu akachomoka kwenye foleni, akaipokea yake mlangoni na kukimbia. Aliiwasilisha saa sita kasoro dakika nne. Tulishangilia kama tumezaa.

Wiki tatu zikapita. Jumatano moja asubuhi, mimi niko kwenye mashine, binti wa fizikia akaingia mbio. Utetezi wake ulikuwa kesho yake, na alikuwa ameketi kujisomea. Akafungua ukurasa wa mia na kumi na mbili. Pale palipotakiwa kuwa na mchoro wake wa pembe za malundo, palikuwa na habari za mkuu wa soko aliyeamuru wauzaji wachapwe viboko.

Wifi aliutazama ukurasa ule, kisha akakaa kwenye kigoda chake mwenyewe. Akaeleza polepole. Katika tasnifu ya Mwalimu, ukurasa wa mia na kumi na moja ulikuwa unasema kwamba kibaba cha maharage na kibaba cha mtama, vikijazwa mpaka kileleni, havikuwa sawa, na sababu haijulikani. Ndipo akaona ukurasa unaoanza na maneno "Sababu ni kwamba kila aina ya punje ina pembe yake ya kuporomoka." Akauweka hapo. Hakuwa na shaka hata chembe. Ulikuwa unajibu.

Nilimuuliza kama alikuwa anajalidi au anatunga. Binti alikuwa ameshika simu, anatazama ratiba ya utetezi. Wa historia ulikuwa leo, saa nne. Ilikuwa saa nne na robo.

Tulitoka mbio watu watatu, wifi mbele na aproni yenye gundi, binti nyuma yake na tasnifu kifuani, na mimi wa mwisho, maana mwili wangu si wa mbio na sikujiumba. Mlinzi wa lango alituuliza tunakwenda wapi. Wifi akasema tunakwenda historia. Akatupisha.

Utetezi wa chuo kile uko wazi kwa mtu yeyote, lakini hakuna mtu yeyote anayekwenda. Ukumbini kulikuwa na wajumbe wanne wa jopo mezani, Mwalimu amesimama mbele yao, na viti vitupu. Tulipoingia kwa kunyata, mtahini wa nje, mzee mmoja mwembamba aliyesafiri kutoka mbali kwa kazi hiyo, alikuwa anamuuliza Mwalimu aeleze mchoro wa ukurasa wa mia na kumi na mbili.

Ewe Mola. Mtu mwingine angesema ukurasa huu si wangu. Lakini Mwalimu alikuwa amesubiri miaka saba, na kwa hofu alifikiri kwamba akisema haujui ukurasa wake mwenyewe, watamwona si mwandishi. Basi akautetea. Akasema mchoro ule unaonyesha kupanda na kushuka kwa uaminifu wa wafanyabiashara.

Mtahini akauliza hizi nyuzi thelathini na nne ni za nini.

"Ni za uaminifu, Profesa," akasema Mwalimu. "Mwaka ule uaminifu ulishuka hadi nyuzi thelathini na nne."

Binti wa fizikia akatoa sauti kama aliyekanyagwa. Mimi nilijiuma kidole, maana kicheko na kilio vilinijia pamoja na sikujua kipi kitatangulia. Mtahini akauliza uaminifu ukizidi hapo inakuwaje. Mwalimu akatazama mchoro, akasoma yaliyoandikwa chini yake, akasema kwa sauti ya kufa kwamba unaporomoka.

Mtahini alivua miwani. Hakufoka, na hilo ndilo lililonitisha. Alisema siku hizi wapo watu wanaoandikia wengine tasnifu kwa malipo, na kwamba amekwisha kuwakamata wawili mwaka huu, na wote wawili walikamatwa hivi hivi, kwa ukurasa ambao hawakujua wameununua. Kisha akauliza:

"Nani amekuandikia kazi hii?"

Mwalimu alikuwa ameshika ukingo wa meza kama abiria, akigeuka kutazama safu za viti vitupu. Nikaona miaka saba inaondoka mbele ya macho yangu. Sijawahi kumhurumia mteja namna ile.

Wifi akasimama. Mwenyekiti wa jopo akamwambia wasikilizaji huuliza mwishoni. Wifi akasema hana swali, ana kosa, na kosa halingoji mwishoni. Akasema yeye ndiye mjalidi, akamwaga mtama wote: meza, kuanguka, karatasi elfu, namba zinazofanana. Binti akapeleka ukurasa wa Mwalimu mezani, umo ndani ya tasnifu yake na jalada la fizikia. Wajumbe wakazungushiana vile vitabu viwili. Mmoja alianza kucheka, akajifanya anakohoa.

Mtahini hakucheka. Alisema sawa, ukurasa umepotea njia, lakini mtu mwenye kazi yake angeukana. Huyu ameutetea. Bado hajaona kitu kinachomwonyesha kwamba zile kurasa nyingine mia tatu ni za mtu huyu.

"Mimi nimeona," wifi akasema. "Alinieleza kazi hii yote dukani, bila karatasi mkononi. Alipofika kwa yule mama aliyefungwa kwa kibaba kilicholika, alipiga meza yangu mpaka nne zote zikaanguka. Ndiyo maana mko na ukurasa wa watu. Profesa, mtu aliyeandikiwa hapigi meza."

Mtahini akamgeukia Mwalimu na kumuuliza, taratibu, kibaba kile kilikuwa kimelika upande gani.

Basi Mwalimu akafufuka. Akasema upande wa kulia, kwa sababu kijiti hushikwa mkono wa kulia na huvutwa kuelekea kwa mpimaji, na ukikitazama kwenye mwanga unaona mtelemko. Akaonyesha kwa mikono, akasahau kwamba anahukumiwa. Alisema jina la karani, namba ya kabati, siku ya wiki. Alizungumza dakika kumi bila kuulizwa, na mwishoni akaipiga meza ya jopo, gilasi ya maji ya mwenyekiti ikaruka. Akaomba radhi.

Kisha mtahini akamrudia wifi. Alitaka kujua ni nini hasa kilichomfanya auweke ukurasa ule pale. Hapo nilifumba macho, maana namjua. Wifi akaeleza kwamba siku ile mezani kwake kulikuwa na lundo moja la nafaka lililoandikwa mara nne. Wa historia anauliza kilele kilikatwa lini na kwa amri ya nani. Binti wa fizikia anauliza kwa nini kilele kinasimama. Mhandisi anauliza ukuta utalihimili lundo mpaka lini, na mama wa biashara anauliza konzi ya juu inamrudisha mteja vipi. Wote wamo katika chuo kimoja, wanapita lango moja, na hakuna aliyemsalimia mwenzake. Mwalimu ameandika sababu haijulikani, na sababu ilikuwa inajulikana ghorofa ya pili, kwa watu wa fizikia.

Mwenyekiti alisema asante mama, inatosha. Wakatutoa nje wote, Mwalimu pia, ili wajadiliane.

Tulikaa kwenye benchi la korido. Nilikuwa nimejiandaa kumpasha wifi habari zake, kwamba kusoma kazi za watu ndiko kulikotufikisha hapa, kwamba angepanga kwa adabu bila kuelewa tungekuwa dukani sasa hivi. Mwalimu akaniwahi. Alikuwa anatazama sakafu. Akasema msimamizi wake amesoma sura mbili. Mke wake alisikiliza mpaka ukurasa wa tisa, akasinzia, na hamlaumu. Wanafunzi wake humkimbia akianza habari za vibaba.

"Aliponiuliza nani amekuandikia," akasema, "nilitafuta mtu mmoja wa kunishuhudia kwamba kazi ni yangu. Miaka saba, mama. Sikumpata mwingine ila wewe na dakika zako ishirini."

Wifi, ambaye ana jibu la kila kitu, alikuwa anabandua gundi kavu kwenye vidole, kipande kwa kipande. Nami yale maneno niliyoyaandaa sikuyaona tena. Nililia, na sioni haya kusema. Binti wa fizikia akanipa kitambaa, kisha akamwambia Mwalimu kwamba kama ataruhusu, angependa kukiona kile kibaba, akipime ule mtelemko. Mwalimu akasema kabati linafunguliwa Ijumaa. Wakaanza kubishana kama ni maharage au mtama yanayokula mbao zaidi, na kwa muda nadhani alisahau kabisa tunangoja nini.

Tulikaa nusu saa nzima. Mlango ukafunguliwa. Katibu wa jopo akatoa kichwa, akatazama benchi, akasema wamemaliza, na kuna marekebisho: ukurasa wa mia na kumi na mbili urudi kwake, na sababu iandikwe palipoandikwa haijulikani, kwa jina la binti aliyeigundua. Kisha akasema, "Daktari, karibu ndani."

Mwalimu akageuka kutazama korido nyuma yake, kuona ni daktari gani anayekuja. Korido ilikuwa tupu. Akarudi kututazama sisi, na uso wake sitausahau.

Wifi akamsukuma mgongoni kwa mkono wenye gundi.

"Ni wewe," akamwambia. "Inuka, baba, wanakungoja."